Fulana za Bi Tunu

Bi Tunu alishindwa udiwani, akabaki na magunia ya fulana za kampeni zenye sura yake kifuani. Hakulia. Alishika mkasi, akaanza kuzigeuza blauzi.

Mwashamba, jirani aliyempigia kura mpinzani wake na mtaa mzima ukajua, alichungulia mlangoni.

"Shoga, unajikatakata mwenyewe?"

"Niwaachie panya? Ingia nikupime."

Mwashamba aliona haya, lakini aliingia. Bi Tunu alikata shingo upya, akatia marinda kiunoni, akageuza mbele kuwa nyuma. Blauzi ilimkaa Mwashamba kama kazaliwa nayo.

"Mwambie na dada yako aje."

Mwashamba akatoka akiringa. Mgongoni mwake Bi Tunu alitabasamu, macho wazi, akiwatazama watu wakigeuka mmoja mmoja.