Mvumo wa Amerika

"Sitini," Nyakundi alisema, bisibisi ikiwa mdomoni. "Lazima iwe sitini. Sasa mbona hautoki?"

Mvumo haukutoka. Uuuu, uliendelea kunguruma ndani ya kaseti, na chini yake kijana fulani alikuwa akisema kitu, Mungu peke yake ndiye aliyejua nini.

Hiyo ilikuwa siku ya tano. Nyakundi alikuwa fundi wa redio pale sokoni Kaplong, na hakuwa mtu wa kushindwa ovyo. Watu walitoka mbali, hata Chebunyo, kumletea redio zilizokufa, akazifufua. Lakini kaseti hii, wacha tu! Ilimnyima usingizi.

Mwenye kaseti, Mzee Kipkoech, alisimama kando ya meza, kofia mkononi. Nje kwenye benchi mkewe, Rebeccah, alikuwa amejifunika shuka akiota jua. Gari la kumpeleka hospitalini lingefika saa nane. Angepasuliwa kesho yake, na daktari hakuwaficha: huenda asiamke.

"Anataka tu kusikia mtoto wake," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mara moja, asikie vizuri. Sikuombi kitu ingine."

"Mzee, najaribu."

"Jaribu tena, kijana yangu. Tafadhali. Nitamwambia nini huyu mama?"

Mtoto mwenyewe aliitwa Kiplangat. Miaka mitatu iliyopita alikwenda Amerika kusoma, na kijiji kizima kikamsindikiza kwa nyimbo. Barua hakuandika hata moja. Alituma kaseti, kila mara kwa mkono wa rafiki aliyekuwa akirudi nyumbani, na kila kaseti ilikuwa na mvumo huu huu. Rebeccah alizisikiliza zote, sikio limegusa spika, akiokota neno hapa na neno pale. Maskini, hata hayo machache aliwasimulia kanisa zima.

Nyakundi alikuwa amejaribu kila alichokijua. Alibadilisha kondensa. Alifukia waya ardhini. Alichomoa umeme kabisa, akacheza kaseti kwa betri, na mvumo ukabaki. Basi akajua uliingia siku ya kurekodi, kutoka kwenye umeme wa huko huko. Kitabu chake kilisema wazi: umeme wa Amerika hutetemeka mara sitini kwa sekunde, wa kwetu mara hamsini. Akaunda kichujio kidogo cha kukamata mtetemo mmoja tu, akachora alama mbili kwa penseli, hamsini na sitini, akakitega kwenye sitini. Mvumo ukapita kana kwamba hakuna kitu.

Hata jana alikuwa bado anahangaika king'ora cha kiwanda cha chai kilipolia saa saba, kama kila siku. King'ora hicho kibovu kila mtu hapa anakijua. Hukohoa kwanza mara mbili, kho, kho, ndipo hupaza sauti, na wachuma chai hukitania kwamba kinavuta tumbako. Jana mzee hakucheka. Alisema tu, "Siku nyingine inapita," akaondoka bila kuaga.

Sasa Nyakundi alitoa bisibisi mdomoni. Alianza kukishuku kichujio chenyewe. Labda alikiunga vibaya? Akaona afadhali akijaribu kwa umeme wa hapa dukani. Akazungusha skrubu yake hadi alama ya hamsini, na kwa haraka akasahau kuizima kaseti.

Mvumo ukakatika.

"...huku theluji imefika magotini, mama," kijana alisema, sauti yake safi kabisa. "Nimevaa makoti mawili. Usilie, mama. Mwaka ujao nitarudi..."

"Huyo!" Mzee Kipkoech alishika kichwa. Machozi yalimtoka na hakujali kuyafuta. "Jameni, huyo ndiye mtoto wangu! Fundi, Mungu akubariki, wewe na watoto wako! Ngoja nimwite mama yake."

Nyakundi naye alikuwa akicheka peke yake kwa furaha. Siku tano! Hakuwa amefikiria jambo lingine lolote.

Mzee alikuwa ameshika kitasa cha mlango wakati kijana ndani ya kaseti alinyamaza, kama mtu anayengoja kelele ipite.

Kho, kho.

Kisha king'ora kikapaza sauti, kikajaa duka zima. Nyakundi akaruka kuizima mashine, na macho yake yakaiangukia ile alama ya penseli: hamsini, umeme wa kwetu.

"Baba Kiplangat!" Rebeccah aliita kutoka kwenye benchi. "Ni saa saba tayari?"

Mzee aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo.

"Eeh, Mama Kiplangat," akajibu. "Ni saa saba."

Akarudi mezani, akaushika mkono wa fundi kwa mikono yake miwili.

"Rudisha ule mvumo," akasema.