Kusubiri Taa ya Mkia

Tangu treni za mizigo zirefushwe, kila nyumba ya Isanga ilikuwa na majiko mawili, moja kila upande wa reli, maana treni moja ilichukua siku nzima kupita. Njia ya kuvuka ilikuwa moja, na sheria ilisema treni haisimamishwi kwa ajili ya mtu.

Jana alfajiri Nyamizi alivuka kuchota maji tu. Mtoto wake wa miezi minne, asiyejua chakula ila titi, alimwacha ng'ambo kwa mama mkwe. Sasa maziwa yalikuwa yameloanisha kanga yake, na macho yalikuwa yakiitafuta taa nyekundu ya behewa la mwisho.

"Kaka Masunga, mkia bado?" alimuuliza mlinzi wa kivuko.

Masunga alikuwa akifuta ubao wa saa zilizobaki. Hakumtazama. "Dada, wameiunga na ya leo. Na ya kesho."

Nyamizi akageukia reli. Kwenye mianya ya mabehewa alimwona mama mkwe akimwinua mtoto juu ili mamaye amwone. Jana mtoto alikuwa akirusharusha miguu. Sasa miguu ilining'inia tu.

Amelala, Nyamizi akajiambia. Akasubiri mwanya mwingine.