Ng'ombe wa Mavuno ya Kwanza

Bibi kizee Mugure alikuwa ameshafika madhabahuni na boga lake pale mgeni wa heshima aliposema kwamba sikukuu hii ya mavuno ilianzishwa na mzungu mwenye shamba, aliyewapenda wafanyakazi wake hata akawachinjia ng'ombe.

Mugure akamgeukia.

"Huyo ng'ombe alikuwa wa baba yangu!" akasema kwa sauti. "Walimnyang'anya baba nikiona, kisha wakamlazimisha kupiga makofi ng'ombe wake akichinjwa."

Waumini wa kanisa la Njoro wakageuka kumtazama. Pasta akamsogelea, akamnong'onezea, "Shosho, tafadhali, tusiharibu sikukuu."

"Ilianza ikiwa imeharibika, pasta."

Mgeni akacheka kidogo, akanyoosha mikono apokee boga. Mugure akamkazia macho, akaliinua juu ya kichwa, akalibwaga sakafuni. Mbegu zikamrukia mgeni hadi kwenye tai.