Kumfukuza Pilipili

Ukuta wa chemchemi ulikuwa umeandikwa tena, na safari hii kwa herufi nyekundu: MJI HUU UNA KILA KITU ISIPOKUWA ADABU.

Kifaru alisukuma kiti nyuma kikagonga kabati.

"Ni Pilipili! Ni yule yule mkosa haya!"

Chumba chao kilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na kila nyundo ilipopiga huko chini, skrini zao zilitikisika. Ndani ya skrini hizo ulikuwamo mji walioujenga wenyewe, mji wa kwenye mtandao. Mtu yeyote mwenye simu aliweza kuingia, akajichagulia jina na sura, akatembea na watu wanaoishi mbali naye. Mwenye kampuni alikuwa Mjomba, kaka wa mama yake Kifaru. Kifaru mwenyewe alipewa jina hilo kwa sababu hasira zake hazina breki. Wa tatu alikuwa Shemeji, mume wa dada yake Kifaru.

Waligawana kazi. Mjomba alijenga bustani, Shemeji akajenga uwanja wa muziki, Kifaru akajenga soko na daraja. Mjomba alikuwa na sheria moja: mji usio na watu ni kaburi lililopakwa rangi, kwa hiyo anayejenga mtaa ahangaike mwenyewe kuujaza. Na mitaa ilijaa. Uwanjani walicheza, bustanini walipungiana mikono, sokoni walipanga foleni.

Pilipili peke yake ndiye aliyenuna.

Kwanza aliandika kwamba ameanguka darajani na watu wakampita wanatabasamu. Kisha kwamba amemwuliza mtu njia akaambiwa "Karibu mjini", akamwuliza mwingine, "Karibu mjini". Juzi aliandika kwamba mama yake amefariki, ameutangaza msiba uwanjani, na hakuna hata mmoja aliyeacha kucheza.

"Hata mimi ningecheza," Kifaru alisema. "Mtu anatukana watu kutwa, halafu anataka wamlilie?"

"Huyo hata peponi atasema mito ina kelele," Shemeji akadakia.

Mjomba hakucheka. Siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama visu. Mfadhili alikuwa njiani. Akiupenda mji, kazi inaendelea. Asipoupenda, chumba kinarudi kwa mwenye nyumba, na kila mmoja atajua pa kwenda kujishikiza.

"Futa maandishi, mtu mwache," alisema Mjomba. "Mgeni ni mgeni."

"Mjomba, lile daraja nimelijenga mpaka shingo ikakakamaa! Halafu mtu mmoja, mmoja tu, atutie aibu leo? Mbona wenzake wote hawana neno? Samaki mmoja akioza..."

"Wote wameoza," Shemeji akamalizia.

Mjomba alitazama mlango, akanyamaza. Kifaru alichukua kimya hicho kuwa ruhusa.

Aliingia mjini kwa sura yake ya mwanamke mwenye joho refu. Pilipili alikuwa amekaa kwenye ngazi za daraja, watu wakimpita kulia na kushoto. Maneno yake yakaanza kutokea chini ya skrini.

"Wewe ndiye mwenye mji?"

"Ndimi. Na wewe unatoka."

"Afadhali wewe umenijibu."

"Watu wangu wamekukosea nini?"

"Kaa nao siku moja tu, dada, utaona mwenyewe."

"Usiniite dada! Kama hatukupendezi, unarudi kila siku kutafuta nini?"

Pilipili aliinuka ngazini.

"Nilidhani nitapata mtu wa kuongea naye."

"Kaongee na ukuta wa kwenu!"

Kifaru akabonyeza kitufe cha kufukuza. Jina likafutika, sura ikafutika. Adhabu hiyo haikuwa na marejeo. Aliibuni mwenyewe, kwa ajili ya watu wa namna ile. Alivuta pumzi ndefu. Mji wote ulikuwa unatabasamu.

Mfadhili alifika akiwa na mkoba mdogo. Alikataa soda, akavuta kiti mbele ya skrini na kuutazama mji.

"Watu ni wengi," alisema mwishowe.

"Mji unapendwa," alisema Mjomba.

"Naona. Sasa nifichieni wale wa mashine. Nibakizieni walioingia kwa simu tu."

Nyundo iligonga chini.

"Msiogope," mfadhili alisema. "Kila anayejenga mji kama huu huanza na watu wa kutengeneza, ili mgeni asikute upweke. Mimi silaumu. Nikimwona mtu mmoja tu wa kweli, anayerudi kila siku kwa hiari yake, hapo nina pa kuanzia."

Watu wa sokoni aliwatengeneza Kifaru mwenyewe, kwa siri, alipoona mitaa ya wenzake imejaa na wake mtupu. Basi, aibu hiyo ataimeza. Uwanja wa Shemeji ulikuwa umefurika, na bustani ya Mjomba haikuwa na pa kukanyaga.

"Shemeji, fanya," alisema.

Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mjomba?"

Mjomba alifungua kifungo cha shingoni. Kifaru aliguna kwa hasira, akaandika amri mwenyewe.

Foleni ya sokoni ikatoweka. Uwanjani watu wakatoweka, muziki ukaendelea kupiga. Bustanini hakukubaki mkono wa kupunga.

Mfadhili aliinama karibu na skrini, akaupitia mji mtaa kwa mtaa, mpaka darajani.

"Hakuna hata mmoja?"

"Alikuwapo," alisema Kifaru. "Nimemfukuza leo asubuhi."