Pimbi na Karata Asizozitazama

Waliokuwapo ni Nungunungu, aliyegawa karata. Kenge, aliyekaa mahali pa kusema mwisho. Na Pimbi, yule wa mawe, si perere wa mitini.

Kenge alikuwa mshindi wa kila siku, kwa kuwa alimsoma usoni kila aliyemtangulia kusema. Siku hiyo, kabla karata hazijagawanywa, aliweka dau mwamba wake wa kuotea jua. Pimbi hakufunua karata zake.

“Naweka pango langu, lote.”

Kenge alimkazia macho, asione kitu, akatupa karata. “Chukua mwamba, jirani.”

Pimbi akacheka. “Hata sikuzitazama. Ningezitazama, ungezisoma usoni mwangu.”

“Ungenyamaza tu, mama,” alisema Nungunungu, akagawa tena.

Pimbi aliweka pango mara ya pili, karata zikiwa zimelala vilevile. Kenge alizitazama zake kwa utulivu, zilikuwa nzuri, akaweka kichuguu chake.

“Sasa nakufuata, jirani. Wewe hujui ulicho nacho. Mimi nakijua changu.”

Karata zikafunuliwa, na pango likawa la Kenge. Pimbi akahamia kwenye mwamba alioushinda, peupe, pasipo pa kujificha.

Alhamisi Tai alipita. Pimbi amekufa.