Sobhan, 1988, Ukurasa wa 4

"Haya umeyatoa wapi?"

Maneno matatu, wino mwekundu, mara ya nne mwezi huu. Chini yake Dokta Rowshan, msimamizi wa tasnifu, alikuwa ameongeza: "Nione ukurasa wenyewe leo kabla ya saa kumi, la sivyo sura ya tatu inatoka."

Tahmina aliibwaga karatasi hiyo kwenye meza ya mpiga chapa wa Nilkhet, mtaa wa maduka ya vitabu karibu na chuo. Sura ya tatu ikitoka, tasnifu haipiti. Tasnifu isipopita leo, kazi ya ualimu kule Bogura anapewa mtu mwingine. Saa tisa ilikwisha kupita.

"Mjomba, nitafutie kitabu hiki."

Wanafunzi wote walimwita Mjomba, kama wanavyomwita muuza chai na fundi viatu. Jina lake hakuna aliyewahi kumuuliza. Alivaa miwani, akasoma.

"Sobhan, 1988, Dalili za Mafuriko, ukurasa wa 4. Sasa kosa liko wapi? Nukta ipo, mkato upo."

"Kosa ni kwamba kitabu hakipo! Maktaba hakuna. Kwa wauza vitabu vya mitumba hakuna. Tasnifu saba zimekitaja, na katika walioziandika hakuna aliyekitia machoni." Akamnyooshea kidole. "Na zote saba zimepigwa chapa hapa."

"Basi nina wateja wazuri."

"Usinitanie, Mjomba. Umekibuni?"

Kicheko kikamkauka. "Sikiliza, mpwa. Miaka ishirini na sita napanga majina ya wasomi kwa alfabeti. Wengine wameandika upuuzi mtupu, na nimewawekea nukta zao vilevile. Kubuni, sijabuni hata neno."

"Sisimizi wakipandisha mayai kwenye mgomba, maji yanafika siku ya saba. Nani kasema?"

"Na yalifika siku ya saba. Yalifika mpaka kitandani."

"Nimekuuliza nani kasema!"

"Sobhan."

"Unamjua?"

"Kidogo. Aliacha shule mapema."

Tahmina alitaka kulia, akaona aibu, akaipiga meza. Chai ya Mjomba ikamwagika.

"Miaka mitatu nahangaika! Kule visiwa vya mchanga vya mtoni kila bibi kizee anayajua haya, lakini naambiwa bibi si kitabu. Nikashukuru kwamba angalau mmoja aliandika. Kumbe nimeshika moshi."

Mjomba aliifuta chai kwa kiganja, polepole, kama asiyejua kuna saa duniani. Kisha akavuta kitabu cha risiti, akaandika: nakala moja, ukurasa wa 4. Herufi zake ziliinama kushoto, mithili ya watu wanaotembea dhidi ya upepo.

"Nakala ya nini?" Tahmina akauliza.

Mjomba aliinama chini ya meza, akaibuka na mfuko wa plastiki uliopigwa mafundo matatu. Ndani mlikuwa na daftari la shule, kurasa zimejikunja kwa maji ya zamani. Kwenye jalada: Abdus Sobhan, darasa la saba, 1988.

"Hiki ndicho kitabu?"

"Kimeandikwa, hakijaandikwa?"

Hakupekua. Kidole chake kililifungua palepale. Akalilaza daftari kando ya mashine ya kunakili, akachana kipande cha karatasi na kufunika nusu ya chini ya ukurasa.

"Unaficha nini tena?"

"Hayo hayamhusu Dokta wako."

Tahmina alikivuta kile kipande.

Sisimizi walikuwepo. Mgomba ulikuwepo. Siku ya saba ilikuwepo, yote kwa herufi zilizoinama kushoto. Na chini yake, kwa wino mwekundu wa mwalimu: "Sifuri. Haya umeyatoa wapi?"