Mbayuwayu Mwenye Maoni

Mbayuwayu alikuja kutoka ng'ambo, akajenga kiota cha udongo kwenye ukuta wa soko la jiji la wanyama. Kupiga kura hakuruhusiwa, lakini maoni alikuwa nayo juu ya kila kitu: mitaro, majalala, hata foleni ya punda. Siku wakazi walipojadili vibanda vilivyojengwa bila kibali, alisimama kabla hajaitwa.

"Kwetu tunabomoa vyote," alisema. "Hakuna kuoneana haya."

Panya, jirani yake muuza karanga, aliinamisha kichwa. Wengine walipiga makofi na hoja ikapita.

Kesho yake Kima, mgambo wa jiji, alifika na kopo la rangi nyekundu kuweka alama ya X kwenye kila cha kubomolewa. Alianza na kiota cha Mbayuwayu.

"Afande, mimi mgeni."

"Kibali unacho?"

Mbayuwayu alikitazama kiota, kisha akacheka. "Kumbe jana nilikuwa najisema mwenyewe."

Jioni alimkuta Panya akifunga magunia yake kwenye kibanda chenye X, akamsaidia kubeba.

"Na leo huna maoni, jirani?" Panya akamuuliza.

"Maoni bado ninayo. Sina pa kuyalaza."